Samani za Tabora: Namna ya kuficha nyaya za runinga bila kuihatarisha nyumba

SEBULE ya mjini siku hizi inabeba vifaa vingi kuliko ilivyokusudiwa wakati inajengwa. Runinga bapa, king'amuzi, sabufa, ruta ya intaneti, chaja za simu na kilinda umeme, kila kimoja kina waya wake, na nyaya zote huishia kwenye soketi moja au mbili za ukutani. Matokeo yake ni fundo la nyaya sakafuni, ambalo mwenye nyumba hulifunika kwa kitambaa, kwa zulia au kwa mgongo wa kochi.

Katika Manispaa ya Tabora, mji uliozungukwa na misitu ya miombo yenye miti ya mninga na mkurungu, jawabu la karibu ni kumwita seremala. Kabati lililopimwa vizuri huweza kumeza nyaya zote na kuacha sebule ikiwa safi. Hata hivyo, kabati hilohilo likitengenezwa bila kufikiri huficha pia joto, waya uliochubuka na njia ya mchwa, mambo ambayo mwenye nyumba alipaswa kuyaona mapema.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ya kazi hii ni moja: kifaa kifichwe macho, lakini kisifichwe hewa wala mkono.

Mji wa tembe

Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh na kuwa kitovu cha Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji katika karne ya 19. Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, na tembe hilo leo ni makumbusho. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912.

Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa la bapa, iliyojengwa kuuzunguka ua. Ingawa nyumba mpya za Tabora hujengwa kwa matofali ya saruji au ya kuchoma na kuezekwa kwa bati, zipo bado nyumba nyingi za matofali ya udongo, hasa katika mitaa ya zamani. Jambo hilo lina uzito kwa yeyote anayetaka kuficha nyaya.

Katika ukuta wa saruji, fundi umeme huchimba mfereji, hulaza bomba la plastiki na kupiga lipu juu yake. Katika ukuta wa udongo, mfereji hudhoofisha ukuta na lipu hubanduka. Ndiyo maana katika nyumba hizo nyaya hupitishwa juu ya ukuta, ndani ya mabomba au mifereji ya plastiki inayoonekana. Kazi ya kuficha, ambayo kwingine hufanywa na ukuta, hapa huangukia samani.

Aidha, ukuta wa udongo haushiki vizuri skrubu za kutundikia runinga. Skrubu hulegea taratibu na runinga huweza kuanguka. Njia iliyo salama zaidi ni kutengeneza kabati lenye mgongo imara, kisha kufunga kishikio cha runinga kwenye fremu ya kabati lenyewe, ili uzito wote ubebwe na sakafu. Kabati hilo liwe na kitako kipana, na vitu vizito viwekwe chini, lisije likamwangukia mtoto anayelipanda.

Kutoka kasha hadi redio ya mbao

Kuficha vitu vya thamani ndani ya samani si jambo jipya katika utamaduni wa Waswahili. Makasha ya pwani yaliyopambwa kwa njumu za shaba mara nyingi yalikuwa na droo na vyumba vya siri vya kutunzia fedha, hati na vito. Aliyeyatengeneza alijua jambo moja: siri hiyo ilipaswa kufunguka kwa urahisi kwa mwenye kasha.

Redio za kwanza zilizoingia majumbani nazo zilikuwa samani. Redio za valvu za miaka ya 1950, wakati Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika, zilikaa ndani ya masanduku ya mbao yaliyopigwa vanishi. Zilifuatwa na makabati yaliyounganisha redio na santuri. Mbele ya masanduku hayo palikuwa na kitambaa cha kupitisha sauti, na nyuma palikuwa na ubao mwembamba wenye matundu mengi. Matundu hayo hayakuwa pambo. Valvu hutoa joto kali, na bila hewa redio ingeungua.

Runinga zilichelewa zaidi Tanzania Bara, ambako matangazo yalianza mwaka 1994. Runinga za wakati huo zilikuwa na kisogo kirefu, hivyo maseremala walitengeneza makabati makubwa ya ukutani yenye uwazi wa katikati uliokaribia kuwa mraba. Kisha, Desemba 31, 2012, uzimaji wa mitambo ya analojia ulianza Dar es Salaam na kuendelea kwa awamu katika miji mingine. King'amuzi kikawa kifaa cha lazima chini ya runinga, na nyaya zikaongezeka.

Makabati hayo ya zamani bado yamo katika sebule nyingi, na mengi ni ya mninga halisi. Runinga bapa ya inchi 32 ina kioo chenye upana wa sentimita 71 hivi, na ya inchi 43 ina sentimita 95 hivi. Mara nyingi ya pili haiingii katika uwazi wa zamani. Badala ya kulitupa kabati, seremala anaweza kuondoa sehemu ya juu na kubakiza ya chini kuwa meza ya runinga. Kina kilichobuniwa kwa ajili ya kisogo cha runinga ya zamani kinatosha kabisa kuwekea king'amuzi, ruta na nyaya zote.

Mbao ipi itumike

Mninga unapendwa kwa sababu haunyauki wala kupinda sana ukishakauka, na moyo wake wa rangi ya kahawia hustahimili mchwa. Sehemu ya nje ya gogo, iliyo nyeupe, haina sifa hiyo na hutobolewa na wadudu. Mnunuzi akague ndani ya kabati na si uso wake tu, maana mbao nyeupe huweza kufichwa kwa rangi ya vanishi. Mbao pia ziwe zimekauka vya kutosha. Kabati lililotengenezwa kwa mbao mbichi hulegea viungo, na milango hukataa kufunga.

Mbao halali za msituni husafirishwa kwa hati inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mteja ana haki ya kumuuliza seremala mbao zake zimetoka wapi.

Ubao wa MDF, unaotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ni nafuu na rahisi kukata. Udhaifu wake ni maji: ukilowa huvimba na haurudi. Katika sebule inayopigwa deki kila siku, kabati la MDF lisimame juu ya miguu, lisilazwe sakafuni.

Hewa ipite chini na juu

Kila kifaa cha umeme hutoa joto, na king'amuzi hubaki na uvuguvugu hata kikiwa kimezimwa kwa rimoti. Hewa ya moto hupanda juu. Kwa hiyo tundu moja la nyuma halitoshi. Panatakiwa nafasi ya hewa baridi kuingilia chini na nafasi nyingine ya hewa ya moto kutokea juu. Seremala anaweza kuacha mgongo wa kabati wazi, au kuweka mbao nyembamba zilizoachana badala ya hadibodi nzima.

Kuizunguka runinga paachwe sentimita 10 hivi kila upande. Vifaa visipangwe kimoja juu ya kingine, na kitambaa cha kufuma kisilazwe juu ya king'amuzi, kwani huziba matundu yake ya kupumulia.

Matundu ya kupitishia nyaya nayo yana hesabu yake. Plagi ya pini tatu inahitaji tundu la sentimita 6 hivi ili ipite nzima. Tundu likiwa dogo, fundi hukata plagi, hupitisha waya, kisha huunga kwa kusokota na kufunika kwa utepe. Kiungo cha namna hiyo, kikiwa nyuma ya kabati ambako hakuna anayekiona, ni miongoni mwa vyanzo vya moto majumbani. Kingo za tundu zipigwe msasa ili zisichubue waya.

Hesabu ya ekstensheni

Soketi ya kawaida nchini ni ya ampea 13 kwa volti 230, yaani hubeba wati 3,000 hivi. Vifaa vya sebuleni havina uzito mkubwa. Runinga ya inchi 32, king'amuzi na ruta kwa pamoja kwa kawaida havizidi wati 100. Hatari huanza pale pasi au birika la umeme linapochomekwa kwenye ekstensheni hiyohiyo iliyo ndani ya kabati.

Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya mwembamba. Waya wenye unene wa milimita za mraba 0.75 unafaa kwa ampea 6 tu, sawa na wati 1,380. Birika la wati 2,000 huupita mbali. Waya huo ukiwa umeviringishwa na kufungwa kwa kamba ili upendeze, joto lake halina pa kutokea, na plastiki yake hulainika. Ziada ya waya ilazwe kwa mkunjo mpana uliolegea, na ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine.

Ekstensheni ifungwe kwa skrubu kwenye ubavu wa ndani wa kabati, mahali ambapo mkono unafika bila kusogeza chochote. Radi inapotishia wakati wa masika, au umeme unapokatika, mwenye nyumba aweze kuchomoa plagi mara moja, pamoja na waya wa dishi au antena. Umeme unaporejea, volti huweza kuyumba na kuharibu vifaa.

Soketi ya ukutani isizibwe na kabati lisilosogezeka. Ikibidi kuihamisha, kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano, usiachwe bila kuunganishwa.

Rimoti, ruta na betri

Rimoti nyingi za runinga na ving'amuzi hutumia mwanga usioonekana, na mwanga huo haupiti kwenye mbao. King'amuzi kikifungiwa nyuma ya mlango wa mninga, rimoti haitafanya kazi. Mlango wa kioo au wa kitambaa chepesi hutatua tatizo hilo.

Ruta hutumia mawimbi ya redio. Mbao huyapunguza kidogo, lakini chuma na kioo cha kujitazamia huyazuia zaidi. Mahali pake pazuri ni juu ya kabati.

Betri za sola zinazotiwa maji hazina nafasi yoyote ndani ya samani. Wakati wa kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikijikusanya mahali palipofungwa hulipuka kwa cheche moja. Ziwekwe mahali penye hewa, mbali na vyumba vya kulala.

Mchwa, panya na mende

Giza na utulivu wa nyuma ya kabati huwavuta wadudu. Mchwa hupanda kutoka sakafuni kwa njia za udongo, panya hutafuna nyaya, na mende hupenda uvuguvugu wa ndani ya king'amuzi. Kabati lililogandishwa ukutani huficha dalili zote hizo.

Dawa yake ni rahisi: kabati liachwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, liwe na miguu, na mgongo wake ufungwe kwa skrubu chache badala ya misumari, ili ufunguke. Angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, umeme uzimwe, vumbi lifutwe na nyaya zikaguliwe. Plagi yenye rangi ya kuungua, harufu ya plastiki au waya unaopata moto ni ishara ya kuacha kutumia kifaa hicho hadi fundi akione.

Waya wa dishi unaoingia kutoka nje upindwe kwenda chini kabla ya kufika kwenye tundu la ukuta, ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kuufuata waya hadi ndani ya kabati.

Endapo moto utazuka, umeme ukatwe kwanza kwenye swichi kuu ikiwa inafikika kwa usalama. Maji yasimwagwe kwenye kifaa chenye umeme. Watu watoke nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu kwa namba 114.

Kwa anayeagiza kabati jipya, swali la kumuuliza seremala kabla ya kulipa ni moja: mgongo wake unafunguliwaje? Asipokuwa na jibu, mchoro wa kabati hilo haujakamilika.