Dinari ya mwaka 105 Hijria na hesabu ya nisabu



Kila ikikaribia Ramadhani akina mama huanza kuuliza kuhusu zaka ya bangili na mikufu yao. Wapo walioambiwa nisabu ya dhahabu ni gramu 85. Wengine, hasa waliosomeshwa na masheikh wenye asili ya Bara Hindi, wameambiwa ni gramu 87.48, yaani tola saba na nusu. Vitabu vya fiqhi vya zamani havitaji gramu, vinasema dinari 20. Basi suali ni moja tu: dinari ilikuwa na uzito gani? Jibu limo katika sarafu zenyewe.

Zama za Mtume (S.A.W.) Waarabu hawakuwa na sarafu yao. Dinari za dhahabu zilitoka kwa Warumi, zikiwa na picha ya mfalme na msalaba, na dirhamu za fedha zilitoka kwa Wafursi. Hata baada ya kufunguliwa Sham na Misri dinari hizo ziliendelea kutumika sokoni. Aliyezibadilisha ni Khalifa Abdul-Malik bin Marwan (65–86 H). Kwanza alitoa dinari yenye picha ya khalifa amesimama na upanga, nayo haikudumu. Mwaka 77 H (696/697) picha zikaondolewa zote. Upande mmoja pakaandikwa shahada, upande wa pili maneno ya Suratul Ikhlas, na kuyazunguka hayo Bismillah na mwaka ilipopigwa. (Ndiyo maana mafaqihi walijadili kama mtu anaweza kuingia msalani na pesa mfukoni!)

Nasema "ilipigwa" kwa sababu ndilo neno lililomo, dhuriba. Kipande cha dhahabu kilichokwisha kupimwa kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma iliyochongwa maandishi kinyumenyume, kisha kikapigwa nyundo. Uzito ulikuwa gramu 4.25, pungufu kidogo ya dinari ya Kirumi. Huko Misri magavana walitoa hata vijiwe vya kioo vya kupimia dinari, maana kioo ukikikwangua kinaonekana.

Kuanzia hapo Bani Umayya walitoa dinari hizo mwaka baada ya mwaka hadi dola yao ilipoanguka mwaka 132 H. Jina la khalifa halimo. Zile za Mashariki hazitaji hata mji, kinachobadilika ni mwaka tu. Kwa hiyo ile ya mwaka 105 H (723/724) inashangaza. Chini ya maneno ya Suratul Ikhlas imeongezwa mistari mitatu yenye maana: Mgodi wa Amiri wa Waumini katika Hijaz. Yaani dhahabu yake ilichimbwa katika ardhi ile ile yenye Makka na Madina. Amiri gani? Yazid bin Abdul-Malik alifariki mwaka huo huo na nduguye Hishamu akashika ukhalifa, na sarafu yenyewe haisemi.

Zinazojulikana leo ni kama dazeni moja tu. Dhahabu haiozi, lakini huyeyushwa: kila dola mpya iliingiza pesa za dola iliyopita katika moto na kupiga zake. Mwaka 2011 moja iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 3.72.

Turudi kwenye bangili. Dinari 20 mara gramu 4.25 ni gramu 85. Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika kitabu chake cha Fiqhu Zakat aliitegemea njia hii, ya kupima dinari zilizohifadhiwa katika makumbusho. Nami naona hoja yake ina nguvu, kwa sababu sarafu iliyopigwa na khalifa ni shahidi aliyekuwepo. Hata hivyo anayefuata tola saba na nusu ana wanazuoni wake, wala hilo si jambo la kugombania msikitini. Ila mama mwenye gramu 86 za dhahabu aliyoiweka akiba, kwangu mimi, atoe. Zaka yake ni gramu mbili na kidogo, na mafakiri wako mlangoni.

Wanafunzi wangu wakubwa huwapa suali hili: aliyeinunua ile dinari ya London, ana zaka? Akiiweka tu kama dhahabu, na hana nyingine, ana gramu 4.25, sehemu moja katika ishirini ya nisabu. Hana kitu juu yake. Lakini akiwa ameinunua ili aiuze, hiyo ni mali ya biashara na inahesabiwa kwa thamani yake. Asilimia 2.5 ya pauni milioni 3.72 ni pauni 93,000, kila mwaka itakapokuwa bado iko kabatini na bei ni ile ile.