Hizi "Herufi za Kiafrika" Zilitoka Ujerumani

Juzi nilikuwa namtengenezea jamaa mmoja tovuti ya safari za watalii. Mambo yalikwenda sawa hadi alipoona ukurasa wa kwanza. "Ni nzuri," akasema, "lakini weka zile herufi za Kiafrika." Nilizijua: nene, nyeusi, pembe zimekwenda upande, kama zimekatwa kwa kisu gizani. Nikamwuliza ni Waafrika gani waliowahi kuandika hivyo. Akacheka.

Fonti yenyewe ni Neuland, yaani "nchi mpya". Aliichonga Rudolf Koch, Mjerumani wa Offenbach, mwaka 1923, kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor. Ina herufi kubwa peke yake.

Kinachonivutia mimi mwandishi wa programu ni jinsi ilivyoundwa. Enzi hizo unachonga herufi kwenye ncha ya kipande cha chuma, unakigonga kwenye shaba upate kalibu, kisha unamimina risasi iliyoyeyushwa. Kwa kawaida mbunifu huchora kwanza kwenye karatasi na fundi mwingine huchonga. Koch aliruka karatasi. Alichonga mwenyewe, moja kwa moja, ukubwa mmoja baada ya mwingine, kwa hivyo A ya ukubwa huu hailingani kabisa na A ya ukubwa ule. Ni ndugu, si nakala! Tarakilishi zetu huchukua umbo moja na kulikuza au kulipunguza kwa hesabu, basi Neuland unayoiona kwenye skrini ni sura ya mtu mmoja tu katika ukoo mzima.

Sasa Afrika iliingiaje? Koch hakutuwaza. Ni wabunifu wa Marekani walioziona herufi hizi "za porini" wakazibandika kwenye majalada ya vitabu vya Waafrika na vya Wamarekani weusi. Mwaka 1993 zikatokea kwenye nembo ya filamu ya Jurassic Park, dinosaria katika kisiwa karibu na Costa Rica. Lithos nayo, aliyoibuni Carol Twombly wa Adobe mwaka 1989 akifuata maandishi ya Wagiriki wa kale kwenye mawe, ilipatwa na yayo hayo. Mjerumani na Mgiriki wakapewa uraia wa Afrika bila hata pasipoti. Rob Giampietro aliandika insha kali juu ya jambo hili mwaka 2004.

Na sisi tuna yetu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu huku Pwani kwa karne kadhaa, na mafundi wanaochora matatu Nairobi hawajawahi kumwomba Koch ruhusa.

Nilimweleza mteja haya yote. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Sasa mtalii atajuaje ni Afrika?" Nikamwonyesha picha ya tembo iliyojaza skrini nzima. Amesema atafikiria, na anayelipa ni yeye.