Gari Lina Mkataba, Dereva Hana

Jumapili ya tarehe 14 Julai 2019, basi moja liliingia Goma, mashariki mwa Kongo, likitoka Butembo. Lilikuja kwa barabara ya siku zote: Kanyabayonga, Kiwanja, Rutshuru, kisha Kalengera na vijiji vilivyo chini ya volkano za Virunga, mpaka mjini. Miongoni mwa abiria alikuwamo mchungaji mwenye homa. Akapimwa, akakutwa na Ebola. Mlipuko ulikuwa umetangazwa tangu tarehe 1 Agosti mwaka uliotangulia, lakini huyu alikuwa mgonjwa wa kwanza kugunduliwa Goma. Wizara ya Afya ikamsaka dereva wa basi pamoja na abiria wengine 18 ili wachanjwe. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Dharura ya namna hiyo huja na watu, na watu hao huhitaji magari. Mkononi mwa nani ingeangukia kazi ya kuwabeba? Swali hilo Goma ilikuwa imelizoea kwa robo karne.

Julai 1994, katika siku chache tu, wakimbizi wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kujazana ndani na kandokando ya mji. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Kiwanja cha ndege, ambacho wanajeshi wa Ufaransa walikuwa wakikitumia kwa operesheni yao ya Turquoise, kikapokea ndege za misaada mchana na usiku. Mashirika yalileta magari yao, lakini hayakutosha. Mtu wa Goma aliyekuwa na jeep inayoweza kupanda barabara za mawe za Masisi akatambua kwamba dola za shirika kwa siku moja zinashinda nauli za abiria wa mjini.

Ndivyo ilivyokua biashara ambayo wenyeji huiita kwa Kifaransa, *location*. Mpango wenyewe ni mwepesi. Mwenye gari, au wakala wake, hutia saini na shirika. Gari hutolewa pamoja na dereva. Shirika humlipa mwenye gari, naye humlipa dereva kadiri walivyopatana. Teksi ya mjini nayo ina kamba yake: kila jioni dereva hupeleka *versement*, yaani malipo ya siku, kwa bosi, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Lakini dereva wa teksi walau anajua siku imeingiza kiasi gani. Mwenzake wa *location* huendesha gari linalolipiwa kwa karatasi asiyoisoma.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ikapita katikati ya mji na kufunika karibu kilometa moja ya njia ya kurukia ndege, iliyokuwa na urefu wa kilometa tatu. Ndege kubwa zikakosa nafasi. Zile za kampuni za Kongo ziliendelea kutua na kuruka kwenye kipande kilichosalia, kwa hatari ambayo mtaa wa Birere uliionja Aprili 2008, ndege ya Hewa Bora ilipopitiliza na kuuangukia. Sambamba nazo zilikuja ndege ndogo za Umoja wa Mataifa na za mashirika, na abiria wa ndege hizo hakutazama kushoto wala kulia: gari lenye nembo ya shirika lilikuwa likimngoja. Kwa dereva wa teksi aliyeegesha nje ya lango, abiria huyo alikuwa amekwisha kupewa mwingine kabla hajapanda ndege. Hata Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 52 mwaka 2015 za kukarabati kiwanja, fedha zilikuwa za njia ya ndege na usalama wake. Wa nje ya lango hakuwamo katika hesabu.

Ebola ilipofika, magari ya kukodi yakawa mgodi. Mwaka 2020 uchunguzi wa waandishi wa The New Humanitarian, pamoja na ripoti iliyovuja kuhusu rushwa katika misaada nchini Kongo, ulieleza kodi zilizopandishwa kupita bei ya soko, kandarasi zilizopatikana kwa kumkatia kitu mfanyakazi wa shirika, na magari yaliyokuwa mali ya watu wenye vyeo au wenye silaha. Watu wa Kivu hawakuhitaji ripoti. Walikuwa wakisema "biashara ya Ebola" tangu mapema. Mimi naona dereva alipunjwa mara mbili hapo. Kodi ilipopanda, hakuna kilichomlazimisha bosi kumwongeza kitu. Hasira ya wananchi ilipopanda, yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya usukani. Tarehe 28 Novemba 2019 watu wenye silaha walishambulia vikosi vya Ebola huko Biakato na Mangina. Waliouawa walikuwa wanne: mchanjaji mmoja, polisi mmoja na madereva wawili.

Barabara ile ya Kalengera, aliyopitia mchungaji, nayo ilidai wake. Februari 2021 msafara wa Programu ya Chakula Duniani ulitoka Goma kuelekea Rutshuru, ukazuiwa karibu na Kibumba. Balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva wa shirika. Mwishoni mwa Oktoba 2022 waasi wa M23 waliteka Kiwanja na Rutshuru, na madereva waliokuwa wakiishi kwa safari za kaskazini wakajikuta na barabara iliyokatika.

Kilichobaki kilikuwa kiwanja cha ndege. Nacho kikafungwa Januari 2025, M23 walipoingia Goma. Safari ya ndege ya kuja Goma ikawa ya kwenda Kigali, kisha mwendo wa saa tatu na zaidi katika milima ya Rwanda hadi Gisenyi. Kwenye mpaka wa Grande Barrière msafiri hushuka, huonyesha paspoti, huvuka akiburuta sanduku lake. Upande wa Goma madereva humkimbilia, wakiita nauli ya mita mia chache za mwisho. Baadhi ya wasafiri hao huwapungia mkono tu na kupita. Gari lenye nembo limesimama pale mbele, injini inanguruma.