Kitwitwi: mgeni wa pwani anayetoka Siberia

Maji yakipwa utawaona kwenye tope: ndege wadogo wa rangi ya kijivu wanaokimbia na kudonoa bila kupumzika. Pwani wengi wao huitwa kitwitwi. Ni jamii moja na sululu, yule mkubwa mwenye mdomo uliopinda kama sululu ya kuchimbia. Walio bara nao wana wa kwao: yule anayetikisa mkia kando ya mto au kwenye majaruba ya mpunga.

Wengi si wazaliwa wa hapa. Tumchukue mmoja, mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini na uzito unaokaribia yai la kuku. Huyu hutaga kaskazini kabisa mwa Siberia, mwezi Juni, wakati kule jua halizami. Madume hutangulia kuondoka, kisha majike. Makinda hufuata baadaye, na huifikia Afrika bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Kuanzia Agosti tunawapata Mida karibu na Watamu, kwenye mlango wa mto Sabaki, na katika delta ya Rufiji.

Ncha ya mdomo wao huhisi, hivyo hupapasa minyoo asiyoiona. Wenye mdomo mfupi huokota juu ya tope, wenye mrefu huchimba. Ndiyo maana hula pamoja bila ugomvi mkubwa.

Ikifika Aprili, yule wetu wa kijivu huwa mwekundu, na mtu anaweza kudhani ni ndege mwingine. Wakati huo hula kwa bidii, kwani mafuta ya mwilini ndiyo petroli ya safari. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii hii, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua.

Sasa tufikirie mbwa anayewafukuza ufukweni. Nafasi ya kula ni saa chache tu kabla maji hayajajaa tena, na kila wakiruka wanachoma akiba ile ile. Tope likifukiwa kwa ujenzi, hali ni mbaya zaidi. Hatusemi haya kwa kutishana. Sululu mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akitoka Asia kwenda nchi za Mediterania, alionekana kwa uhakika mara ya mwisho Moroko mwaka 1995. Oktoba 2025 shirika la uhifadhi la IUCN lilimtangaza kuwa ametoweka duniani. Uwindaji na kukaushwa kwa ardhi oevu vinatajwa miongoni mwa sababu.

Kwetu, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani tangu 2004.

Ukiwaona Juni, wakati wenzao wako Siberia, usidhani wamepotea. Mara nyingi ni vijana wa mwaka wa kwanza, wasiotaga bado, wanaosubiri hapa hapa hadi mwaka unaofuata.