Soko la Hisa la Nairobi: Kutoka Mikononi mwa Madalali

Soko la Hisa la Nairobi, ambalo sasa limevuka umri wa miaka 70, lilianza mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Walikutana katika Hoteli ya Stanley, wakapatana bei wakinywa kahawa, na neno la mdomo likawa ndiyo mkataba. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara hiyo hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Tusilipite jambo hili haraka: soko la nchi nzima lilikuwa klabu ya wachache.

Mwaka 1991 liliandikishwa kuwa kampuni, lakini wenyewe walibaki madalali wale wale. Aliyeishi kwa kamisheni ndiye aliyepiga kura kuhusu mitambo na ada, na sioni ajabu kwamba mageuzi yalikwenda polepole. Haki yao tuwape: hifadhi ya pamoja ya hisa ilifunguliwa mwaka 2004 wakiwa bado na soko, na Septemba 2006 kompyuta zikachukua nafasi ya kelele za ukumbini. Kufikia mwaka 2008, serikali ilipouza hisa zake za Safaricom na Wakenya wakapanga foleni, mitambo hiyo ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Mwaka 2014 umiliki ulitenganishwa na haki ya kufanya biashara. Soko likauza hisa zake lenyewe kwa shilingi 9.50 kila moja. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara saba. Tarehe 9 Septemba likaorodheshwa kwenye ubao wake lenyewe, la pili Afrika baada ya Johannesburg. Sasa mwalimu wa Kakamega angeweza kuwa mwenye soko, na bodi ilidaiwa faida na wanahisa wasiokuwa madalali. Ilibidi itafute bidhaa mpya: Julai 2019 ikafungua soko la mikataba ya bei za baadaye.

Lakini umiliki mpya haujaleta kampuni mpya za kutosha. Biashara nyingi za kifamilia bado zinaogopa kufungua vitabu vyao, na mtambo hauwezi kuondoa hofu hiyo. Wewe uliyenunua hisa za soko hili, usingoje gawio tu. Nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka, uiulize bodi imeshawishi kampuni ngapi kujiorodhesha.