Kifafa: Je, ninaweza kutumia mitishamba pamoja na vidonge?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala hakiambukizi kwa mate. Ukitumia maombi au mitishamba, usiache vidonge: kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, hata kifo. Mweleze muuguzi kila dawa ya kienyeji unayokunywa, kwani baadhi hupunguza nguvu ya vidonge. Mganga akikutaka uviache, au akitaka kukuchoma moto, kataa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Mjini Bujumbura, kituo cha magonjwa ya akili na ubongo cha Kamenge (CNPK) hutibu kifafa. Degedege likizidi dakika 5, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja.