Kutoka Doria za Baharini hadi Anga la Ugogo: Historia Fupi ya Ndege za MAF Dodoma

Ndege ndogo za injini moja ambazo watu wa Dodoma walizizoea angani tangu mwaka 1977 zilikuwa za Mission Aviation Fellowship, shirika la Kikristo ambalo wengi walilijua kwa herufi tatu tu: MAF. Kazi yake ilikuwa, na bado ni, kuwapeleka madaktari, wauguzi, wachungaji, dawa na wagonjwa mahali ambapo gari hufika kwa taabu au halifiki kabisa. Chamwino na wilaya jirani hazina bahari, lakini wazo lililoleta ndege hizo lilizaliwa juu ya maji, vichwani mwa marubani wa vita waliokuwa wakisaka nyambizi za Wajerumani. Sasa kizazi hicho kimeondoka, na ni haki wakumbukwe huku ambako kazi yao ilizaa matunda.

Wa kwanza kutajwa ni Jim Truxton, rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani. Mwaka 1944 alikuwa kwenye kambi ya Floyd Bennett, Brooklyn, akifanya doria ya kulinda meli dhidi ya nyambizi. Hapo yeye na marubani wenzake wawili wa jeshi hilo walianza kupanga jinsi ujuzi wao utakavyotumika vita ikiisha. Wakaungana na Betty Greene, mwanamke aliyekuwa rubani wakati wa vita, na shirika likaandikishwa rasmi California tarehe 20 Mei 1945. Mwaka uliofuata, safari ya kwanza ya shirika, ya kwenda Mexico, ilirushwa na Betty mwenyewe.

Upande wa pili wa Atlantiki, bila kupangana nao, Murray Kendon alikuwa na mawazo yaleyale. Alikuwa mzaliwa wa New Zealand, rubani wa jeshi la anga la Uingereza katika kikosi kilichochunga pwani na njia za meli. Doria ya nyambizi ni kazi ya subira. Unakaa saa nyingi juu ya maji matupu, macho yakitafuta mstari mdogo wa povu ambao huenda usionekane siku nzima. Katika saa hizo Kendon alijiuliza kwa nini watu wapate fedha na akili nyingi kiasi kile za kurusha ndege za kuua, lakini asipatikane wa kurusha ndege za kuponya. Vita ilipokwisha alilipeleka swali hilo kwa Dk. Thomas Cochrane wa kituo cha Mildmay, London, naye akamwambia aifanye kazi hiyo mwenyewe.

Waliokuja Afrika kupima kama jambo hilo linawezekana walikuwa wawili: Jack Hemmings, aliyewahi kurusha ndege za doria juu ya Ghuba ya Bengal, na Stuart King, fundi wa ndege za kivita. Waliondoka Croydon tarehe 13 Januari 1948 kwa ndege ya Miles Gemini, ndege ya mbao yenye injini mbili. Walipita misheni moja baada ya nyingine Afrika ya Kati na Mashariki wakiuliza swali moja: ndege itakusaidia nini? Tarehe 10 Julai mwaka huohuo, kwenye milima ya Burundi, ndege ilianguka na kuharibika kabisa. Wote wawili walitoka wazima. Mtu mwingine angesema safari imetoa jibu lake. Wao walirudi Uingereza na taarifa iliyosema kazi ipo na inafaa ifanywe, na mwaka 1950 huduma ikaanza Sudan.

King alikaa Khartoum na mkewe, Phyllis, na hapa kuna jambo ambalo historia za ndege hulipita haraka mno. Rubani wa misheni hakuja peke yake kama askari anayehamishwa kituo. Alikuja na mke na watoto, na nyumba yake ikawa sehemu ya kazi. Miaka ya mwanzo, mara nyingi mke wa rubani ndiye aliyekaa kwenye redio akiandika saa ya kuruka, mahali ndege ilipo, na saa inayotarajiwa kutua. Saa hiyo ikipita bila sauti, huyo ndiye aliyejua kwanza kuwa kuna tatizo, na aliyechelewa ni baba wa watoto wake. Tukiwaenzi marubani hawa bila kuzitaja familia zao tutakuwa tumesimulia nusu ya habari.

Ndege zilianza kazi Dodoma mwaka ambao usafiri wa anga wa Afrika Mashariki ulikuwa umevurugika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la East African Airways likafa nayo, na Air Tanzania ikaanzishwa. Mji wenyewe ulikuwa umeteuliwa kuwa makao makuu ya nchi miaka minne tu kabla, na vijiji vya Operesheni Dodoma ya 1971, Chamwino ikiwa miongoni mwake, vilikuwa bado vichanga. Serikali ilikuwa imewakusanya watu pamoja. Barabara na zahanati zilikuwa zinakuja nyuma yao polepole.

Anayeijua nchi hii hahitaji kuelezwa kwa nini ndege. Mvua zetu ni chache, lakini kifuku kikianza mnamo Desemba, ule udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope linalomeza gari hadi ekseli, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kumzuia mtu kutwa nzima. Lakini ndege nayo ina masharti yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa joto hewa huwa nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji uwanja mrefu zaidi ili kuruka. Ndiyo maana abiria wa Cessna 206, ndege ya viti sita, alipimwa uzito pamoja na mzigo wake, mzee au kijana, askofu au mama mjamzito, na rubani akapiga hesabu kwa kalamu kabla ya kumwonyesha kiti. Waliozoea mabasi waliona ni usumbufu. Kilo kumi za ziada kwenye uwanja mfupi wa majani ni jambo zito.

Uwanja huo nao haukujitengeneza. Wanakijiji walifyeka vichaka, wakang'oa visiki, wakafukia mashimo ya wanyama, na siku ya ndege vijana walitumwa kuwafukuza ng'ombe na mbuzi. Ndege ikishatua, mzani wa watoto ulining'inizwa kwenye tawi la mti, kadi za kliniki zikatolewa kwenye vitenge, na kasha la chanjo lenye barafu likawekwa kivulini. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, ilipeleka kliniki za namna hii kwa ndege za MAF kwa miaka mingi, na huko Umasaini zipo sehemu ambazo kliniki ya mama na mtoto ilikuja kutoka angani tu.

Kasha lile la barafu ndilo lililobeba uzito wote wa safari. Chanjo ya surua hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikikaa juani kwenye gari lililokwama, inayochomwa mtoto ni maji. Na gharama ya mtoto asiyechanjwa ilijulikana vizuri hapa Chamwino. Katika Hospitali ya Mvumi, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1900, madaktari walifuatilia watoto 180 waliolazwa kwa surua. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida, 12 walifariki. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A, walifariki 6. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1987, na dunia ikayasikiliza: leo vitamini A ni sehemu ya tiba ya surua kila mahali. Mvumi iko kiasi cha kilomita 40 tu kutoka Dodoma mjini. Kama watoto walifia jirani na mji namna hiyo, fikiria walikokuwa mbali zaidi.

Barabara za lami zimepunguza haja ya ndege katika eneo letu, na makao ya MAF nchini yakahamia Arusha, karibu zaidi na kliniki za Umasaini. Stuart King alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 98. Hemmings alifuata mwaka 2025, akiwa na miaka 103. Mwaka mmoja kabla, akiwa na 102, alipanda Spitfire na kushika usukani angani ili kulichangishia fedha shirika alilosaidia kuanzisha.

Majina yao yameandikwa vitabuni. Ya waliofyeka viwanja hayajaandikwa, na wengi wao bado wako hai. Dayosisi ya Central Tanganyika na Chuo Kikuu cha St. John's hapa Dodoma wana watu na uwezo wa kwenda kuwauliza: uwanja ulikuwa wapi, nani alisimamia, mgonjwa gani alibebwa. Kazi hiyo ianze kifuku hiki kikiisha, barabara zikikauka.